NJIA NA MAANA ZAKE: FUNZO LA HERUFI MOJA YA KICHINA

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Nzega)



Nzega ni mji wa njia. Atokaye Singida akielekea Isaka, Kahama na mpaka wa Rwanda hupita hapa. Atokaye Tabora kwenda Shinyanga na Mwanza naye hupita hapa. Na kabla gari la kwanza halijaonekana katika nchi hii, Unyamwezi tayari ilikuwa imekatwa na njia za misafara. Njia kuu ya kati ilianzia Bagamoyo, ikavuka Ugogo, ikafika Unyanyembe palipo Tabora ya leo, na hapo ikagawanyika. Tawi moja lilikwenda magharibi hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Tawi jingine lilielekea kaskazini, kwenye Ziwa Nyanza, Karagwe na Buganda. Njia hizo hazikuchorwa na mhandisi yeyote. Zilikanyagwa na nyayo za wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wake wa ratili 60 au 70, kwa safari ya miezi kadhaa.

Si ajabu basi mazungumzo ya lugha yanayofanyika Nzega yakianzia kwenye neno njia. Hata hivyo, neno linalokusudiwa leo ni njia kama inavyoandikwa na watu wa taifa jingine, kwa alama ambayo wakazi wa wilaya hii wamekwisha kuiona kwa macho bila kuitambua. Barabara ya lami kati ya Nzega na Tabora ilijengwa na kampuni za Kichina katika mwongo wa 2010. Mnamo Januari 2021 ujenzi wa reli mpya kati ya Mwanza na Isaka, jirani kabisa na hapa, nao ulikabidhiwa kampuni mbili za Kichina. Kwenye mitambo, kwenye mabango ya kambi na kwenye makaratasi ya kazi, alama hiyo imepita mbele ya macho ya watu mara nyingi. Inaandikwa hivi: 路. Inasomwa "lu".

Mtu anayeuliza maana yake hujibiwa haraka: "Lu ni njia." Jibu hilo ni la kweli, lakini ni kweli nusu, na katika mambo ya lugha, kweli nusu inaweza kumpoteza mtu kuliko uongo mtupu, maana uongo huonekana mapema. Hapana budi kulichunguza jibu hilo taratibu. Faida yake haitakuwa kukijua Kichina tu. Itakuwa pia kukijua zaidi Kiswahili, na kutambua namna taifa linavyoweza kupotezwa na neno ambalo lilidhani limelielewa.

Kwanza, umbo lake. Alama hii ina mistari 13 ya kalamu, nayo imejengwa kwa vipande viwili. Kipande cha kushoto, chenye mistari 7, ni mguu. Kipande hicho hicho hukutwa katika maneno mengi ya Kichina yanayohusu mwendo, kama vile kukimbia, kuruka na kukanyaga. Kwa hiyo Mchina wa kale alipotaka kuandika njia hakuchora udongo wala gurudumu. Alianza na mguu wa binadamu. Hapo mzee wa Kinyamwezi aliyesikia habari za babu yake mpagazi anaweza kutikisa kichwa kwa kukubali, kwa sababu naye anajua kwamba njia ni mahali mguu ulipopita na mguu mwingine ukafuata.

Kipande cha kulia, chenye mistari 6, kikisimama peke yake humaanisha "kila mmoja". Hapa ndipo mwanafunzi mwenye haraka hujikwaa. Huunganisha mguu na kila mmoja, akasema: "Nimeelewa! Njia ni mahali ambapo kila mguu hupita." Ni maelezo mazuri, yanayopendeza masikioni, na wapo waalimu wanaoyatumia ili kusaidia kumbukumbu. Lakini wataalamu wengi wa leo wanakubali kwamba kipande hicho kiliwekwa kwa ajili ya sauti. Kazi yake ilikuwa kumwambia msomaji namna neno linavyotamkwa katika Kichina cha zamani. Alama nyingi za Kichina zimejengwa hivyo: upande mmoja unaashiria maana, upande wa pili unaashiria sauti.

Ushahidi wake uko karibu. Chukua alama yetu yote nzima ya njia, uiweke chini ya alama ya mvua. Mwanafunzi mwenye haraka atasema: "Njia yenye mvua, bila shaka ni tope!" Sivyo. Ni umande, nao pia huitwa "lu". Mvua imeonyesha kwamba neno linahusu maji yatokayo angani, na njia imekopesha sauti yake tu. Hakuna barabara ndani ya umande. Hili ni funzo la kwanza: kitu kile kile, mahali pamoja kinabeba maana, mahali pengine kinabeba sauti tupu, na anayeshindwa kutofautisha atasoma mambo ambayo hayakuandikwa.

Pili, sauti yenyewe. "Lu" ya njia hutamkwa kwa sauti inayoshuka ghafla, kama mtu anayetoa amri fupi. Sauti hiyo ikipandishwa badala ya kushushwa, neno hugeuka likawa jiko au tanuru. Na hata ikishuka sawasawa, bado yapo maneno mengine yanayotamkwa vivyo hivyo: swala mwenye pembe za matawi, nchi kavu, na kuandika kumbukumbu. Msikilizaji hutambua linalokusudiwa kutokana na maneno yaliyo jirani nalo. Mwenyeji wa pwani ambaye Kiswahili ndicho lugha yake ya kwanza huona shida katika jambo hili, maana Kiswahili hakitumii kidatu kutenganisha maneno. Lakini mtoto wa Nzega anayezungumza Kinyamwezi au Kisukuma nyumbani kwake ana lugha yenye vidatu. Mpango wake si sawa na wa Kichina, ila sikio lake limekwisha kuzoea kwamba kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Mwalimu anayemkemea mtoto huyo kwa sababu ya "lafudhi ya kienyeji" anatupa chombo ambacho wanafunzi wa nchi nyingine hukitafuta kwa jasho.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, matumizi. Neno halikai peke yake. Linaishi katika ukoo wa maneno, na maana yake hujulikana kwa kuangalia jamaa zake.

"Tielu" ni njia ya chuma, yaani reli. "Malu" ni njia ya farasi, lakini leo ni barabara ya mjini tu. Farasi wamekwisha kuondoka na jina limebaki. "Gonglu" ni njia ya umma, yaani barabara kuu. "Lukou" ni mdomo wa njia, yaani mahali njia zinapokutana. Zikikutana nne, Mchina husema ni mdomo wa njia wenye umbo la kumi, kwa sababu kumi katika maandishi yake ni mistari miwili inayopishana kama msalaba. Mswahili, kwa jambo linalokaribiana nalo, hakuitazama namba. Alitazama tawi la mti lililogawanyika, akasema njia panda. Mataifa mawili yamesimama mahali pa namna moja. Moja likaona maandishi, jingine likaona mti.

Ukoo huo unaendelea hadi kwenye mambo yasiyoonekana kwa macho. "Chulu", njia ya kutokea, ni namna ya kujinasua katika shida. "Silu", njia ya fikra, ni mpangilio wa mawazo ya mtu anapojenga hoja. "Yilu", yaani njia moja, haihesabu njia hata kidogo. Humaanisha mwendo wote tangu mwanzo hadi mwisho, na anayemwombea mwenziwe amani ya "yilu" anamwambia kile ambacho Mswahili angesema kwa maneno mawili: safari njema. "Dailu" ni kutangulia mbele na kuwaonyesha wengine njia.

Neno hili la mwisho linastahili kusimamiwa kidogo katika ardhi ya Unyamwezi. Katika misafara ya zamani alikuwapo mtu aliyeitwa kirangozi. Ndiye aliyetangulia, ndiye aliyejua maji yako wapi na mahali gani pana hongo ya kulipwa kwa mtemi. Wasafiri wa karne ya 19 waliomwandika wanaeleza kwamba naye alibeba mzigo, ingawa ulikuwa mwepesi kuliko ya wenzake, na alikwenda kwa miguu kama wao. Jina lake ni ndugu wa neno ambalo leo limejaa katika hotuba na katika magazeti: kiongozi. Atakayesahau kwamba kiongozi ni mtu aliye njiani pamoja na msafara, mwenye mzigo wake begani, amepoteza nusu ya maana ya neno hilo.

Sasa lirudiwe lile jibu la haraka: "Lu ni njia." Tuseme Mchina aliyejifunza Kiswahili kwa kukariri orodha ya maneno anapewa Azimio la Arusha la 1967 alisome. Anakuta maneno "njia kuu za uchumi". Njia anaijua. Kuu anaijua. Uchumi anaujua. Basi anaandika kwa lugha yake kwamba Tanzania imeamua barabara kubwa za biashara ziwe chini ya wakulima na wafanyakazi! Kila neno amelitafsiri, na Azimio lote limemponyoka. Njia katika maneno hayo ni nyenzo: ardhi, viwanda, benki, madini, vyombo vya kuzalisha mali. Mchina kwa maana hiyo hatumii "lu" hata kidogo. Hutumia neno jingine lenye maana ya vifaa au malighafi za uzalishaji.

Kosa hilo lina pacha wake upande wa pili. Yapo maneno ya Kichina "luxian". "Lu" ni njia, "xian" ni uzi au mstari. Kwenye basi, "luxian" ni mkondo wa safari, vituo gani basi litapita. Lakini katika siasa ni msimamo na mwelekeo wa chama. Chama cha Kikomunisti cha China kina msemo wake maarufu, "qunzhong luxian", wenye maana ya mtindo wa uongozi unaotaka mawazo yachukuliwe kwa umma, yachambuliwe, kisha yarudishwe kwa umma yatekelezwe. Mtanzania mwenye orodha yake ya maneno atasema: umma, njia, basi ni njia ya umma. Na njia ya umma, kama ilivyokwisha kuelezwa, ni "gonglu", barabara ya magari. Huyu naye ametafsiri kila neno, na mtindo mzima wa uongozi umegeuka lami.

Wapo watakaocheka. Lakini kosa la namna hii limezisumbua hata serikali. Mwaka 2013 China ilitangaza mpango wake mkubwa wa miundombinu na biashara, ukaitwa kwa kifupi "yidai yilu", yaani ukanda mmoja, njia moja. Ulimwengu uliosoma tafsiri ya neno kwa neno ukadhani kuna barabara moja itakayojengwa kutoka Asia hadi Ulaya. Mwaka 2015 China yenyewe ililazimika kuweka tafsiri rasmi ya Kiingereza isiyo na neno "mmoja", kwa kuwa mikondo inayokusudiwa ni mingi. Na lipo la kushangaza zaidi. Katika jina hilo, "ukanda" ndio unaohusu nchi kavu, na "lu", njia, ndiyo inayohusu bahari! Aliyesoma "njia" akatazama upande wa milima ya Asia ya Kati alikuwa anatazama pasipo penyewe. Njia inayotajwa hupita katika Bahari ya Hindi, bahari ambayo Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zimeipakana.

Watanzania wana mfano wao wenyewe, nao ni wa heshima zaidi. Mkataba wa kujenga Reli ya Uhuru, TAZARA, ulitiwa saini Peking mwezi Septemba 1967. Wataalamu wa nchi za Magharibi walikuwa wamekwisha kusema kwamba reli hiyo haina faida ya kiuchumi. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, na mnamo Julai 1976 reli ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa rasmi kwa serikali za Tanzania na Zambia. China ilitoa mkopo usio na riba. Maelfu ya wafanyakazi wa Kitanzania, Kizambia na Kichina walifanya kazi bega kwa bega, na zaidi ya Wachina 60 walipoteza maisha. Makaburi ya baadhi yao yako nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam.

Wachina huiita reli hiyo "Tan-Zan tielu". Jina lina alama nne. Alama ya "tan", ikisomwa kwa maana yake, ni tambarare au wazi. Alama ya "zan" ni kusifu. "Tie" ni chuma. "Lu" ni njia. Mwenye kamusi peke yake atapata: tambarare, sifa, chuma, njia, na atashangaa ni tambarare ipi iliyosifiwa, maana reli hiyo imepenya milima na mahandaki kati ya Mlimba na Makambako. Ukweli ni kwamba alama mbili za kwanza zimewekwa ili zisikike, kwa kuwa ndizo zinazoanza jina la Tanzania na jina la Zambia katika matamshi ya Kichina. Mbili za mwisho zimewekwa ili zieleweke. Jina moja, alama nne. Nusu husomwa kwa sikio na nusu kwa akili. Hakuna mfano ulio bora wa kumfundishia mwanafunzi kwamba kujua maana ya kila alama si sawa na kujua maana ya jina.

Hadi hapa mazungumzo yamekuwa juu ya lugha. Lakini ndani ya jambo hili la lugha mna jambo la taifa, na ni lazima lisemwe waziwazi.

Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, mwaka ule ule ambao Tanganyika ilipata uhuru. Ilikuwa miaka sita kabla ya mkataba wa reli na miaka tisa kabla ya ujenzi kuzinduliwa. Maana yake ni kwamba, kabla hajaleta taruma moja bandarini, Mchina alikuwa amekwisha kuwafundisha vijana wake Kiswahili. Alipofika Mbeya na Ifakara alikuwa na watu wanaoweza kumsikia mkulima moja kwa moja. Kwa upande wa Tanzania, Taasisi za Confucius za kufundisha Kichina zilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2013. Kati ya 1961 na 2013 ni miaka 52. Wapo Watanzania waliosomeshwa China katika kipindi hicho na wakakijua Kichina vizuri, nao wanastahili sifa. Lakini kama mpango wa taifa, upande mmoja ulijifunza kabla ya kazi, na upande wa pili ulianza baada ya nusu karne.

Na hata pale ambapo pande zote mbili zimeketi mezani, mara nyingi Mtanzania na Mchina huizungumzia barabara ya Unyamwezi kwa Kiingereza, lugha ambayo si ya mama wa yeyote kati yao. Neno hutoka Kichina likaingia Kiingereza, likatoka Kiingereza likaingia Kiswahili. Kila kituo huacha kidogo na kuongeza kidogo, kama mzigo wa shanga unaopita mikono mingi toka Bagamoyo hadi Ujiji. Mwisho wake fundi sanifu aliye kwenye tuta la barabara, na mwenyekiti wa kijiji ambaye mashamba ya watu wake yamepitiwa, hupokea neno ambalo hakuna anayeweza kulidhamini.

Wafanyabiashara wa Kinyamwezi wa karne ya 19 walilijua jambo hili bila kufundishwa darasani. Hawakungojea watu wa pwani waje. Tangu mwanzoni mwa karne hiyo walikuwa wakipeleka misafara yao wenyewe pwani, wakiuza pembe za ndovu na kununua nguo. Huko walikipata Kiswahili, wakarudi nacho, na Kiswahili kikaota mizizi Tabora zamani kabla ya shule ya kwanza ya serikali. Walijifunza lugha ya mwenye soko ili wasiuziwe kwa kinywa cha mtu mwingine. Hata hivyo, jina lao wenyewe ni kumbusho la upande wa pili wa jambo hilo. Jina Wanyamwezi, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, walipewa na watu wa pwani, kwa maana ya watu wa upande wa mwezi, yaani magharibi, ambako mwezi mwandamo huonekana. Asiyesema na jirani kwa lugha wanayoielewa wote wawili hupewa jina na jirani, na jina hilo ndilo huandikwa katika vitabu.

Kutokana na hayo, nini kifanywe?

Kwa mwalimu, awe anafundisha Kichina, Kiingereza, Kifaransa au Kiswahili chenyewe, la kwanza ni kuacha tabia ya kufundisha neno kama chumba chenye mlango mmoja. Ubaoni huandikwa neno, alama ya usawa, na tafsiri yake. Mwanafunzi hukariri, hufaulu mtihani, na hushindwa siku ya kwanza anapokutana na mtu. Afadhali neno moja lifundishwe kwa wiki nzima pamoja na ukoo wake wote, kuliko maneno hamsini yaliyokatwa mizizi. Mwalimu wa Nzega anaweza kuanza kwa kile kilichopo: awaulize wanafunzi ni mambo mangapi yanayoitwa njia. Watataja njia ya ng'ombe, njia panda, njia ya mkato, mpita njia, kupotea njia, kwa njia ya barua, njia kuu za uchumi. Watashangaa kuona utajiri walio nao midomoni. Kisha waulizwe kwa nini kazi iliyofanyika sawasawa husemwa imefanyika "barabara". Hapo watakuwa wameuingia mlango wa Kichina kabla ya kujifunza hata alama moja.

La pili ni uvumilivu wa kutosema "nimeelewa" mapema. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Njia ya mwanafunzi anayejidanganya ni fupi vilevile.

Kwa mtumishi wa umma, wajibu ni mzito zaidi, kwa kuwa kosa lake hulipwa na wengine. Karatasi inapoletwa mbele yake katika lugha mbili, haitoshi kutia saini kwa kuwa maneno yanafanana. Aulize: maandishi yapi ndiyo yatakayoamua pakitokea ubishi? Neno hili linalorudiwa katika kila ukurasa lina maana gani kwa yule aliyeliandika? Nani ameitafsiri, na nani ameipitia tafsiri yake? Kuuliza si ujinga, wala si kumtilia mashaka rafiki. Marafiki walioijenga TAZARA waliheshimiana vya kutosha kiasi cha kujifunza lugha ya mwenzao.

Kwa taifa, ni dhahiri kwamba kufundishwa Kichina na Wachina ni jambo jema, lakini haliwezi kuwa mwisho. Anayejifunza lugha kwa mgeni peke yake hujifunza kile ambacho mgeni ameona kinafaa kufundishwa. Wanahitajika walimu Watanzania wa Kichina, wakalimani waliofundishwa nchini, na kamusi zinazotoka Kichina kwenda Kiswahili moja kwa moja bila kupitia Kiingereza. Mnamo Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini huko Beijing makubaliano ya kuifufua TAZARA. Maneno ya reli hiyo yataandikwa upya. Ni vema safari hii yasomwe na pande zote mbili kwa macho yao wenyewe.

Mwezi Januari 1958, hapa mkoani, mjini Tabora, mkutano mkuu wa TANU ulisimama kwenye njia panda. Kulikuwa na uchaguzi wa kura tatu, mpango wa ubaguzi uliomtaka kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi walitaka ususiwe. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe waukubali ili waushinde kwa ndani, na uamuzi huo ukajulikana kama Uamuzi wa Busara. Waliokuwa mkutanoni walilazimika kuyasoma masharti ya mkoloni kwa makini kuliko mkoloni mwenyewe alivyoyasoma, wakaona humo njia ambayo yeye hakuiona.

Ndugu walimu na watumishi, alama ya Kichina ya njia inaanza na mguu. Mswahili naye hujua kwamba njia isiyokanyagwa huota majani. Maneno nayo ni hivyo hivyo. Atakayetembea ndani ya lugha ya mwenziwe kwa miguu yake mwenyewe ataijua njia. Na atakayebebwa atafika pale aliyembeba anapotaka.